Nilimfunga Kamba Siku ya Sindano

Mbwa wangu Jeki alifungwa kamba shingoni kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya chanjo. Kabla ya hapo hakuwahi kufungwa na mtu yeyote. Kosa langu lilianzia hapo, na yote yaliyofuata, kuanzia kidole cha mpwa wangu hadi kifo cha mbwa mwenyewe, yalitoka katika asubuhi ile. Nayaandika kwa sababu kila mwaka nawaona wenzangu wa hapa Mpui, na wa vijiji vingine vya Ufipa, wakifanya vilevile, tena kwa nia njema kama niliyokuwa nayo mimi.

Nia yangu ilikuwa njema kweli. Wakati ule nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, na nilikuwa miongoni mwa waliopita kitongoji kwa kitongoji kuwahimiza watu wapeleke mbwa kuchanjwa. Habari za kichaa cha mbwa nilizielewa. Nilijua kwamba dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba, mgonjwa hufa. Nilijua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, vingi Afrika na Asia, na kwamba karibu watu wote hao waliupata ugonjwa kwa mbwa. Kwa Tanzania peke yake makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watu wapatao 1,500 kwa mwaka, na watoto ni wengi kati yao. Niliwaeleza majirani kwamba tukichanja mbwa 70 katika kila 100, na tukarudia kila mwaka kwa kuwa mbwa wanakufa na wengine wanazaliwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Niliwatajia Pemba, ambako chanjo iliukomesha ugonjwa, ukarudi, na chanjo hiyohiyo ikaukomesha tena.

Hayo yote niliyajua. Namna ya kumfikisha mbwa kwenye sindano sikuijua, na sikumuuliza mtu.

Mbwa wa kwetu analala nje, anakula kilichobaki, usiku analinda nyumba na mchana anafukuza ngedere kwenye mahindi. Hafungwi. Haguswi pia, mtu mzima akionekana anampapasa mbwa, wapita njia watamshangaa. Jeki alinifuata shambani, alinitangulia njiani wakati wa kurudi, na nikimwita jina aliitika hata akiwa ng'ambo ya bonde. Nikadhani huko ndiko kuzoeana. Lakini mkono wangu haukuwahi kumshika sikio, wala mguu, wala ngozi ya shingo. Tuliishi pamoja miaka mingi bila mimi kumgusa, na sikuliona hilo kuwa jambo.

Chanjo ilipangwa mwishoni mwa Septemba, karibu na tarehe 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, Mfaransa ambaye chanjo yake ya ugonjwa huu ilitumika kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1885. Kwetu Septemba ni mwezi mzuri kwa shughuli ya namna hiyo. Mavuno yameshaingia ndani, baridi kali ya Juni na Julai imepungua, na watu wana nafasi kabla ya kilimo kuanza. Kituo kiliwekwa chini ya mikaratusi, kando ya barabara ya Sumbawanga na Tunduma, malori yakipita.

Asubuhi ile nilichukua kamba ya katani ambayo huwa nafungia mbuzi, nikaifanya kitanzi, nikamwita Jeki. Alikuja akitingisha mkia. Nikamvisha. Alipohisi kamba inabana alikaa chini akagoma. Nilimvuta. Alijitupa mgongoni. Nilimburuza. Tulipofika njiani nilikata fimbo nikampiga ili asimame, akasimama, tukaenda hivyo hadi kituoni, yeye akikohoa kwa sababu kila alipovuta nyuma kitanzi kilizidi kubana.

Pale palikuwa na mbwa wengi kuliko aliowahi kuwaona pamoja. Wengine walikuwa wanapigana, wengine wanalia, na watoto ndio walioshika kamba nyingi, kwa sababu huku kwetu kazi ya kupeleka mbwa huachiwa watoto. Jeki alilamba midomo mara kwa mara. Alipiga miayo. Aligeuza uso pembeni na mkia akauingiza tumboni, na weupe wa jicho lake ukaonekana. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ana usingizi. Leo najua kwamba mbwa anayepiga miayo mahali pa vurugu hana usingizi wowote. Anaomba apewe nafasi, na asipopewa, kinachofuata ni meno.

Karani aliniita mezani kuandikisha jina. Kamba nikamkabidhi mpwa wangu, mvulana wa shule ya msingi aliyekuwa ametufuata. Nikamwambia aivute fupi, asimwachie. Akafanya nilivyomwambia. Bwana mifugo alipomsogelea Jeki kutoka nyuma na kumshika ngozi ya bega, mbwa aligeuka na kuuma mkono uliokuwa karibu, na mkono huo ulikuwa wa mtoto. Kamba ikamponyoka. Jeki akakimbia nayo hadi ikakatika, na hakuchanjwa.

Yaliyofuata niliyafanya sawasawa, kwa kuwa nilikuwa nimeyahubiri. Tuliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Hatukupaka majivu wala dawa ya miti shamba. Tulimpeleka mtoto kituo cha afya siku ileile. Jeki aliporudi nyumbani alifungiwa, tukamwangalia kwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyeuma akiwa na kichaa habaki mzima muda wote huo. Ataugua au atakufa. Jeki alibaki mzima. Hata hivyo mtoto hakungojeshwa, alianzishiwa chanjo mara moja na akazimaliza sindano zote. Mahindi niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya kununulia mbolea niliyauza kulipia matibabu na nauli. Mtoto alikosa shule. Kidole chake cha shahada hadi leo hakikunji vizuri, na kalamu anaishikia vidole vingine.

Dada yangu hakunifokea. Alikuja nyumbani, akakaa, akasema, "Kaka, mbwa hakumfuata mtoto. Mtoto ndiye aliyepewa mbwa." Nilimsikia lakini sikumwelewa. Kwa majirani nilisema Jeki ni mkorofi. Nilisema ana damu mbaya. Nilirudia maneno hayo hadi nikayaamini, na kila aliyenisikia aliniunga mkono, maana kila mmoja alikuwa na mbwa wake mkorofi.

Mwaka uliofuata nilijiandaa, lakini nilijiandaa kwa nguvu zaidi. Nilitafuta kamba nene na vijana wawili wa kunisaidia. Nilipoingia uani na kamba mkononi, Jeki aliyekuwa amelala kwenye jua aliinuka, akanitazama mkono, akaruka ua. Alirudi nyumbani siku ambayo bwana mifugo alikuwa ameshahamia kijiji kingine. Mimi nikasema, basi, tutaona mwaka ujao.

Hilo nalo ni kosa, na ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya bila kujua. Hili la pili nililifanya nikijua kwamba mbwa wangu hana kinga, anazurura, anapigana na mbwa wa watu, na analala mlangoni ninapolala na wajukuu. Ningeweza kwenda kwa bwana mifugo kumwomba aje nyumbani. Ningeweza kumuuliza nifanye nini na mbwa anayeogopa. Sikwenda kwa sababu niliona aibu. Mjumbe aliyewahimiza watu wote hawezi kumpeleka mbwa wake mwenyewe. Nilijua watu wangesema hivyo.

Mvua zilipokuwa zimekolea alipita mbwa mgeni, anayumba, anatoa mate, anauma chochote kilicho mbele yake. Aliuma mbwa kadhaa wa kitongoji chetu kabla ya kuuawa. Jeki alipigana naye mlangoni kwangu, akatoka na jeraha usoni. Alikuwa anatulinda.

Bwana mifugo alikuja akanieleza bila kuzunguka. Mbwa aliyechanjwa akiumwa namna hiyo huchanjwa tena na kuwekwa chini ya uangalizi. Asiyechanjwa huuawa, au hutengwa kwa miezi mahali ambapo hawezi kumfikia mtu wala mnyama, na mahali pa namna hiyo mimi sina. Mbwa wa jirani yangu aliumwa siku ileile na mbwa yuleyule. Alikuwa amechanjwa Septemba. Yuko hai hadi leo.

Bwana mifugo akaniomba nimshike Jeki ili afungwe. Nikamwambia hawezekani, akiona kamba anatoroka. Akaniuliza kwa upole, "Mzee wangu, hebu nikumbushe, huyu uliwahi kumshika siku gani ambayo haikuwa ya sindano?"

Nikafungua mdomo nijibu. Nikatafuta siku. Nilitafuta kwa dhati, kwa sababu niliamini ipo. Nilikumbuka njia ya shambani, nikakumbuka usiku alipobweka wezi wakakimbia, nikakumbuka jinsi alivyokuwa akinipokea nikitoka mnadani. Katika siku zote hizo hakuna hata moja ambayo mkono wangu ulimfikia. Nilimgusa mara moja tu katika maisha yake, na mara hiyo nilimkaba na kumpiga. Halafu nikategemea kwamba atasimama na kumwamini mtu asiyemjua mwenye sindano.

Wakati huohuo mwanangu alikuwa anarudi kutoka shambani na maksai. Aliwapigia mluzi, wakasimama. Akawavua nira, na hawakutikisika. Nikaona jambo ambalo lilikuwa uani kwangu miaka yote. Hakuna Mfipa anayemkamata dume asubuhi ya mvua za kwanza, akamfunga nira na kutegemea alime. Tunaanza kiangazi. Tunamzoesha kushikwa, kisha kamba, kisha nira bila mzigo, kisha tunamfunga pamoja na mwenzake aliyekwishazoea, avute gogo jepesi, na akichoka tunamwacha. Tunajua kwamba mnyama aliyetiwa hofu siku ya kwanza ameharibika kwa msimu mzima. Elimu hiyo nilikuwa nayo kichwani, nimeipokea kwa baba yangu, na mbwa wangu sikumpa hata robo yake.

"Sina jibu, daktari," nikamwambia. Hakuongeza neno.

Jeki alipigwa risasi chini ya kihenge, alikojificha alipoiona kamba. Mwenye bunduki alikuwa hodari, ikawa mara moja.

Baadaye nilimfuata bwana mifugo nikamwomba anifundishe, na aibu ilikuwa imeisha. Alinieleza kwamba mbwa anajifunza kwa kuunganisha mambo: kinachotangulia na kinachofuata. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula, ndiye aliyelionyesha hilo waziwazi, kwamba mbwa anayepewa chakula kila baada ya ishara fulani huanza kudondosha mate kwa ishara ile peke yake. Jeki alijifunza haraka kama mbwa wa Pavlov. Kamba ilitangulia, maumivu yakafuata. Hakuwa na damu mbaya. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na mwalimu nilikuwa mimi.

Sindano yenyewe ni kitu kidogo. Inaingia chini ya ngozi, inatoka, ni sekunde chache. Vinavyomtisha mbwa ni vile vinavyoizunguka: kamba, njia asiyoijua, kelele, mikono ya wageni, kushikwa asipotarajia. Vyote hivyo vinaweza kuzoeshwa nyumbani, kimoja kimoja, na havihitaji fedha. Sasa nafuga mbwa mwingine, nilimpata akiwa mtoto, na kazi niliyomfanyia ni hii.

Kwanza, mguso. Namgusa sikio, kisha nampa dagaa mmoja mkavu. Dagaa wa Tanganyika hapa kwetu hawakosekani, na kwa mbwa ni zawadi kubwa. Utaratibu ni muhimu: mkono unatangulia, dagaa anafuata. Ukimwonyesha dagaa kwanza ili umnase, atajifunza kuogopa dagaa. Baada ya sikio, mguu. Baada ya mguu, kucha, kisha mdomo, kuinua mdomo wa juu hadi meno yaonekane, kisha kuvuta kidogo ngozi ya bega mahali ambapo sindano huingia. Huwezi kumaliza yote jioni moja. Ukifanya muda mfupi kila anapopewa chakula, inatosha.

Pili, kumsikiliza. Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akigeuza uso, akiganda kama mti, naondoa mkono na narudi kwenye hatua iliyotangulia. Zamani ningesema huko ni kumdekeza. Sasa nimeona kwamba mbwa anayejua kuwa atasikilizwa anapoomba nafasi hana haja ya kuuma.

Tatu, kamba. Niliacha kitanzi kabisa. Nilishona mkanda mpana wa kitambaa kigumu usiobana hata ukivutwa, akakaa nao shingoni akila na akicheza bila kushikwa. Kisha nikafunga kamba akaiburuta mwenyewe uani. Kisha nikaishika mwisho wake bila kuvuta. Nilipoanza kutembea alikuwa ananifuata kama kawaida, tofauti ni kwamba katikati yetu palikuwa na kamba.

Nne, mahali. Nilimpeleka chini ya ile mikaratusi siku zisizo na chanjo, pakiwa kimya, akanusa, akala dagaa, tukarudi. Nilimwomba bwana mifugo, alipokuwa na nafasi, ampapase bega na kumfinya ngozi kidogo bila sindano yoyote, kisha ampe dagaa yeye mwenyewe. Baadaye akamgusa kwa kifuniko cha kalamu. Mbwa akazoea kwamba mgeni anayeshika pale naye huja na jambo jema.

Siku ya chanjo nilikwenda mapema, kabla foleni haijajaa, nikasimama mbali na mbwa wengine hadi tulipoitwa. Kamba niliishika mimi, sikumpa mtoto. Mbwa alitetemeka, siwezi kusema hakutetemeka, lakini alisimama. Sindano ikaingia, nikampa dagaa mkono mzima, tukaondoka taratibu. Mwaka uliofuata hakutetemeka.

Kama mbwa wako ni mkubwa na ameshaogopa kama Jeki, usikate tamaa, na usiongeze vijana wa kumkamata. Hatua ni zilezile, ila zinakwenda polepole, na unaanzia mbali zaidi, pengine kwa kuweka kamba chini na dagaa juu yake bila kuigusa. Wakati huo mweleze bwana mifugo mapema, usisubiri siku ya kituo. Anaweza kuja nyumbani ambako mbwa ametulia, au kukushauri namna ya kumfunga mdomo kwa kitambaa kwa dakika chache bila kumuumiza. Mdomo usifungwe muda mrefu, maana mbwa hupunguza joto kwa kuhema. Na fimbo iache nyumbani. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, lakini hata kama isingekuwapo, fimbo haikunisaidia kitu. Ilinifikisha kituoni na mbwa ambaye hakuweza kuchanjwa.

Mpwa wangu sasa ni kijana. Nilimwomba radhi, na nilimwomba mama yake pia. Walinisamehe, lakini kidole hakikupona kwa hilo.

Nawasihi wenzangu, hasa ninyi viongozi wa vijiji mnaopita mkihimiza chanjo kama nilivyopita mimi: mnapotangaza tarehe, tangazeni pia namna ya kumwandaa mbwa, na mtangaze miezi kabla. Waambieni wazazi wasiwape watoto kamba. Na wewe mwenye mbwa uliyesoma hadi hapa, usingoje tangazo. Jioni hii akija kula, mguse sikio, mpe kitu kidogo, mwache aende. Kesho urudie. Septemba ikifika atakuwa anaujua mkono wako.